Dhamana ya Ami Said: Safari ya Mieleka ya Ibra

Kilichonitoa Unguja mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ni simu ya Nasor. Nasor ni mtoto wa ami yangu Said, mdogo wake baba, na amekulia Ibra, mji wa bara huko Oman, tangu wazazi wake walipohamia. Mimi ni mchoraji wa mabango. Mabango mengi ya maduka ya Ng'ambo mnayoyasoma kila siku yametoka mkononi mwangu, na yale yaliyopinda si yangu.

"Yakhe, naandaa mieleka," Nasor alinambia. "Ya ulingoni, kama ile ya kwenye kanda za video. Hakuna kampuni, hakuna mkubwa, ni mimi na wenzangu wa Nizwa na Sur. Nataka mabango ya mkono. Ya mashine hayamshtui mtu."

Mke wangu alipinga. Nilikuwa nimeshapata kazi ya kuandika ukuta wa skuli, na akanikumbusha kwamba mtu haachi mbachao kwa msala upitao. Alikuwa na haki. Lakini mimi nilikuwa sijawahi kupanda ndege, na Nasor alishanitumia tiketi. Nikafunga brashi zangu ndani ya kitambaa, nikaaga.

Maskati tuliteremka asubuhi. Mwezi ulikuwa Disemba, na baridi ya kule si ya kufanyia mzaha. Nasor alinipokea kwa kanzu nyeupe na kofia ya kudarizi, amenenepa, akanikumbatia hadi brashi zikanichoma mbavuni. Hatukwenda Ibra moja kwa moja. Alisema kwanza tupitie Nizwa tukamchukue mpiganaji, na njiani, milima ikiwa kulia na kushoto haina hata jani, ndipo aliponieleza jambo ambalo hakulisema kwenye simu.

"Ruhusa nimepata kwa shida," alisema. "Kwa wali, mkuu wa serikali wa hapa, waliniuliza nani atanisimamia. Mieleka hawaijui, waliogopa fujo. Baba akaenda mwenyewe akaweka dhamana."

"Dhamana ya nini?"

"Ya jina lake. Kaandika kwa mkono wake kwamba hakutakuwa na ugomvi, wala matusi, wala mtu kuvunjiwa heshima. Likitokea moja katika hayo, aibu ni yake."

Wanaotoka kwetu mnajua mambo yalivyo. Ami Said amekaa Ibra zaidi ya miaka thelathini, baba yake babu alizaliwa palepale, lakini mtaani bado wanamwita Zinjibari. Wanamheshimu, ndiyo, kwa namna mtu anavyomheshimu mgeni. Mtu wa namna hiyo jina lake halina akiba. Nikamwambia Nasor kwamba amemtia baba yake kwenye kitu kizito kwa ajili ya mchezo. Akanijibu kwamba anajua, na kwamba halali vizuri.

Nizwa tulifika adhuhuri. Mpiganaji wetu alikuwa anatungoja nje ya ngome, kwenye kivuli cha ule mnara mnene, anakula halua kwa kidole. Jina lake Hilal, dereva wa gari la kuuzia maji. Amezaliwa Tabora, wazee wake Waarabu wa kulekule bara, na kifua chake kingetosha kuandika tangazo la duka zima. Ulingoni yeye ndiye anayekuwa mbaya, mtu wa kuchukiwa na kila mtu. Jina lake la ulingoni lilikuwa Jabali.

"Karibu sana braza," alinambia, sauti yake nyororo. "Safari ilikuwaje? Umekula? Usione haya, hapa ni nyumbani."

Nikamkalisha juu ya ndoo nimchore. Nilitaka uso wa kutisha, lakini kila nikimwambia akunje uso anacheka. Nikamwambia afikirie amekosewa na mtu. Akasema watu hawamkosei sana. Mwisho Nasor akamwambia, "Fikiria umebeba tangi limejaa, na mtu kaegesha gari mbele yako kaingia sokoni." Hapo ndipo uso ulipokuja. Nikauchora haraka kabla haujaondoka, na chini yake nikaandika kwa herufi nyekundu za Kiarabu, zile nilizofundishwa chuo cha Kurani kwa bakora: *Jabali. Hajui mkubwa wala mdogo. Hana adabu.* Maneno ni ya Nasor, uzuri wa herufi ni wangu, na nasema hivyo bila haya.

Ibra tuliingia alasiri ya siku hiyo. Hilal hatukumleta mjini. Nasor alimficha shamba la tende la rafiki yake, maana watu wangemwona anavyochekacheka na kumsalimia kila mpita njia, bango lingekuwa kazi bure. Mimi nilipelekwa kwa ami.

Ami Said alinipokea mlangoni, mwembamba, ndevu nyeupe, mkononi fimbo yake nyembamba ya mlozi.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Tazama alivyofanana na ndugu yangu! Ingia ndani, usisimame na baridi." Kiswahili chake ni kile cha mjini cha zamani, ambacho hapa petu siku hizi mnakisikia kwa wazee wachache.

Barazani alikuwapo jirani yake, Bwana Hamed, mtu wa Ibra kwa pande zote mbili, anakunywa kahawa. Tukasalimiana kwa Kiarabu. Akatazama mabango niliyoyabeba, akatikisa kichwa, akamwambia ami, "Said, wallahi nyinyi watu wa Zinjibar mna mambo. Umeweka jina lako kwa hawa wapiganaji?"

"Nimeliweka," ami akasema.

"Mimi nisingeliweka."

Alipoondoka, nilimuuliza ami kama atakuja kutazama. Akasema haji. Nasor alishamweleza kwamba wale watu hupatana kabla nani ataanguka, na yeye hakuona sababu ya kukaa kitini kutazama watu waliopatana. "Lakini maji nimeshayavulia nguo," alisema. "Nitakaa hapa nyumbani niombe Mungu yaishe salama."

Siku ya pili sikuhesabiwa tena mgeni. Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Mimi nilipewa ngazi asubuhi ya pili. Tulianza kusambaza mabango njia ya kwenda Sur, na kituo cha kwanza kilikuwa Al Qabil. Mwenye duka la vyakula alilitazama bango langu kwa muda, akasema ni zuri, lakini hawezi kutundika dukani kwake picha ya mtu aliye kifua wazi, wanawake wanakuja kununua. Nasor akaanza kumbembeleza. Mimi nikafungua kopo la rangi nyeusi, na palepale juu ya gunia la mchele nikamvisha Jabali fulana. Mwenye duka akaridhika, akatupa na chai. Ikabidi niyavishe na mabango mengine yote kumi na saba, na ikabidi Nasor amtafutie Hilal fulana nyeusi ya kweli, maana mtu lazima afanane na bango lake. Kuipata ya kumtosha kulituchukua siku mbili.

Sur tulilala siku mbili. Kule ndiko ulingo ulikojengwa. Mafundi seremala wa kule wamezoea kuunda majahazi, na jukwaa la mieleka kwao lilikuwa kazi ya kuchekea. Waliliunda la vipande, kila kipande kimetiwa alama kipatane na mwenzake. Mzee wao alirukaruka juu yake kwa miguu miwili, akatuambia litamzika Jabali na watoto wake. Tukauzunguka mji kwa gari, tukavuka upande wa Aija, tukabandika mabango kwenye kuta za nyumba za zamani baada ya kuomba ruhusa nyumba kwa nyumba. Kina mama waliotokea Pemba walitoka kusoma.

"Hana adabu?" mmoja akamuuliza Nasor. "Mtoto wa nani huyo?"

"Ni mchezo, mama."

"Mchezo gani wa kukosa adabu? Mwambie aje hapa kwangu, nimfunze siku moja tu."

Hapo nilijua kwamba bango linafanya kazi, na nikaanza kuogopa kwamba linafanya kazi kupita kiasi. Kutoka Sur tulimchukua na mpiganaji wa pili, Mubarak, fundi wa magari, kijana mwembamba mwepesi ambaye watu wangempenda. Njiani kurudi, lori la ulingo likiwa mbele yetu, Nasor akatoa shauri lake.

"Tunahitaji kitu cha kuwachemsha watu," alisema. "Kabla ya pambano, Jabali ataingia, atazunguka viti vya mbele, atamnyang'anya mzee fimbo yake aitupe chini. Mubarak ataiokota amrudishie mzee kwa heshima. Hapo ukumbi mzima utakuwa wake."

"Na dhamana ya baba yako? Si aliandika hakuna mtu atakayevunjiwa heshima?"

"Mzee mwenyewe ni Bwana Khamis, bawabu wa klabu ya Ibra tutakayofanyia mieleka. Anajua kila kitu, tumeshapatana. Atakaa kiti cha kwanza pembeni mwa njia, na fimbo yake. Ni wao kwa wao."

Sikulipenda shauri hilo, lakini nilikuwa mchoraji tu. Nilisema neno langu mara moja nikanyamaza, na baadaye nikajuta kwa nini sikulisema mara tatu.

Jumatano, Ibra, ni siku ya soko la wanawake, na mwanamume haingii. Rahma, mke wa Nasor, alibeba vikaratasi vyangu vya tangazo ndani ya buibui lake, akavigawa humo baina ya manukato na vitambaa. Alirudi adhuhuri akicheka, kwamba wanawake wanauliza watakaa wapi. Hatukuwa tumefikiria hilo hata kidogo. Alhamisi nzima nilishinda napigilia misumari pazia la kugawa ukumbi wa klabu, na Rahma akinielekeza kutoka chini kwamba nimepinda.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, watu walianza kuja. Walikuja kwa magari kutoka Sur na Al Qabil, walikuja kwa miguu kutoka mitaani, na wazee walikuja na fimbo zao na majambia kiunoni kama waendao harusini. Upande wa pazia ulijaa mwanzo. Mstari wa mbele alikaa mtu aliyetumwa kutoka kwa wali, kimya, mikono magotini. Nasor alikuwa anatokwa na jasho kwenye baridi ile. Mimi nilisimama karibu na mlango wa wapiganaji, kazi yangu kumfungulia Hilal atakapoitwa.

Watu walipozidi, wakaanza kusukumana getini. Bwana Khamis, ambaye kazi yake ni geti, aliinuka kwenye kiti chake akaenda kutuliza mambo. Wakati uleule mlango ukafunguka, akaingia Ami Said. Nyumbani kulikuwa kumemshinda. Baadaye alituambia kwamba aliona afadhali aone balaa kwa macho kuliko kulisubiri lije kumgongea. Akatafuta pa kukaa na ukumbi umejaa. Kiti kimoja tu kilikuwa kitupu, cha kwanza, pembeni mwa njia. Akakaa, akasimamisha fimbo yake mbele ya magoti.

Mimi nilimwona, lakini nilimwona kwa kuchelewa. Nasor alikuwa tayari juu ya ulingo na kipaza sauti, anamtangaza Jabali, na Hilal alishanipita na fulana yake nyeusi, ule uso wa tangi la maji umemkaa sawasawa. Nilimwita jina. Ukumbi ulikuwa unazomea, hakunisikia. Nikamfuata mbio nikagonga kiti nikaanguka.

Kutoka pale chini niliona yote. Hilal hakuwa anamjua ami, hajawahi kumwona. Alichokijua ni kiti cha kwanza, mzee mwenye fimbo. Alikwenda moja kwa moja, akasimama mbele yake akamziba mwanga wote. Ukumbi ulinyamaza. Nilimwona Nasor juu ya ulingo kipaza sauti kimemshuka hadi kifuani. Nilimwona Bwana Hamed, jirani, akiinuka mstari wa pili, na vijana wawili pembeni yake nao wakiinuka. Niliona jina la ami yangu linakwenda, na bango lililomleta mtu huyu nimelichora mimi.

Hilal akanyoosha mkono wake mkubwa. Ami Said akainua kichwa akamtazama, hakurudi nyuma. Mkono ukasimama hewani. Ukakaa. Kisha lile jitu likainama, ule mkono wa kunyang'anya ukashika mkono wa ami, na wa pili ukaja juu yake, na sauti nyororo ya Tabora ikasikika ukumbi mzima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu," ami akasema. "Hujambo?"

"Sijambo mzee. Samahani."

Kwanza walicheka wanawake. Nyuma ya pazia, wale wa kwetu walioelewa, waliangua kicheko, na mmoja akapiga kigelegele. Kisha wasiojua Kiswahili wakaulizana, wakaelezwa, kicheko kikaenda mstari kwa mstari hadi mlangoni. Hilal alikuwa amesimama ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja kikombe. Alidhani ameharibu kazi ya watu. Lakini ami yangu si mjinga. Alikwishaelewa kulikuwa na jambo limepangwa na kiti alichokalia. Akainuka, akaushika ule mkono mkubwa akautia fimbo.

"Ulitumwa hii, sio?" akamuuliza kwa sauti. "Haya, shika. Kazi ni kazi."

Ukumbi ulipasuka. Mtu wa wali alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Mubarak naye hakungoja kutangazwa. Akaruka kamba, akamtokea Hilal nyuma, na hivyo mpambano ukaanza kabla ya wakati wake. Hilal alipigwa ngwala, akapigwa kabari, akanyanyuka akambwaga Mubarak hadi mbao za Sur zikalia, na kila alipomtisha Mubarak ukumbi ulimzomea kwa mapenzi. Mwisho aliangukia mgongo na akalala chini kama walivyopatana. Fimbo ya ami ilikuwa imewekwa vizuri kwenye pembe ya ulingo, hata mkwaruzo haikupata.

Magharibi tuliswali uani, na Hilal alisimama safu moja na ami, fulana yake imeloa. Hakuna mtu aliyeumia, hakuna aliyetukanwa. Mtu wa wali alimpa ami mkono, akaondoka anacheka peke yake. Pumzi nilizokuwa nimezibana tangu Nizwa ndipo ziliposhuka. Nikakaa kwenye ngazi yangu, na siyaonei haya machozi yaliyonitoka. Mungu si Athumani. Mzee mmoja wa Aija alipita akanigonga begani. "Wewe ndiye mchoraji? Bango lako limesema uongo." Nikamwambia namshukuru Mungu kwa hilo.

"Sasa ilikuwaje?" nilimuuliza Hilal tulipokuwa tunafungua mbao.

"Braza, sijui. Nilikwenda kuchukua, wallahi. Nilipomwona na ndevu zile, mkono ukagoma. Mama angenisikia hadi Tabora."

Jumamosi asubuhi, saa moja, nikiwa nafunga brashi zangu kwa safari, nilisikia hodi. Alikuwa Bwana Hamed na bakuli la tende. Alikaa, akanywa kahawa kikombe cha kwanza na cha pili. Cha tatu akakitikisa kuonyesha ametosheka, akasema kwamba mwanawe amepata nafasi ya kazi Sur, na wanataka mtu mzima wa kumdhamini kwa jina.

"Nimekuja kwako, Said," alisema. "Kama utakubali."

Ami aliinuka akaenda ndani, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kufunga kilemba. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na kilemba kimenyooka vizuri mno. "Twende," akamwambia. Nikawatazama kutoka barazani wakiteremka mtaa pamoja.

Safari ya kurudi sina la kusimulia, maana nililala kutoka Maskati hadi ndege ilipogusa Unguja. Ukuta wa skuli aliupata mtu mwingine, kauandika vibaya, na mke wangu hajaacha kunikumbusha. Nilichojifunza ni kwamba siku zote nilidhani kuhama ni kupanda chombo na kushuka. Sikujua kwamba mtu anaweza kushuka na miaka thelathini akawa bado anasubiri kufika.

Baba nilimkuta kitandani, amekuwa mtu wa kulala sana. Nilimsalimia, akaniuliza habari za ndugu yake.

"Hajambo," nikasema. "Jirani yake, mtu wa Ibra asili, amekwenda kumwomba amdhamini mwanawe."

Baba akajiinua kwa kiwiko. "Amekwenda kwa Said?"

"Ndiyo."

"Yeye mwenyewe? Kwa miguu yake?"

"Kwa miguu yake, na bakuli la tende."

Akanishika mkono wa kanzu, akanivuta nikae. "Hebu anza tena," akasema. "Alipiga hodi saa ngapi?"